Kazi ya likizo ndefu Dar es Salaam: anza kuitafuta Mei

Swali la msomaji: "Shikamoo dada. Nasoma mwaka wa pili, shahada ya usimamizi wa biashara, hapa Dar. Kwetu ni Singida, naishi kwa shangazi Tabata. Mitihani inaisha wiki ya tatu ya Juni, fildi (mafunzo kwa vitendo) inaanza katikati ya Julai kwa wiki nane na bado sijapata pa kuifanyia, halafu nipo huru hadi mwishoni mwa Oktoba. Bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) limeshaisha na sitaki kumwelemea shangazi. Nimetuma CV kwa barua pepe kwenye kampuni nyingi, hakuna hata moja iliyojibu. Kuna kaka mmoja amenihakikishia kazi ya ofisini ya miezi mitatu, ila anataka elfu thelathini ya fomu. Je, nilipe? Na kama si kulipa, nianzie wapi, au nirudi tu Singida?"

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hiyo elfu thelathini: usilipe. Mwenye kazi ndiye anayetoa hela, na anayeomba kazi hatozwi chochote, iwe inaitwa ada ya fomu, ya usaili, ya semina au ya sare. Muulize huyo kaka kampuni inaitwaje, ofisi yake iko mtaa gani, na utafanya kazi gani hasa. Akianza kuzunguka, au akikwambia uje kwenye "mafunzo" pamoja na wenzako wawili, umeshapata jibu. Wakala binafsi wa ajira nchini lazima awe na leseni, na mwenye nayo haoni shida kukuonyesha. Ukitaka huduma ya ajira ya serikali, ipo: TaESA, ambako unaweza kujiandikisha kama mtafuta kazi. Hiyo elfu thelathini ni nauli yako ya kuzungukia kazi ya kweli wiki nzima na zaidi, iweke.

Sasa CV zako. Nimekaa miaka mingi upande wa wanaochukua watu wa muda, na nakuambia kwa nini hujibiwi. Mei na Juni masanduku ya barua pepe ya maofisa rasilimali watu hapa mjini hufurika maombi ya fildi kutoka Mlimani, IFM, CBE, TIA, Ardhi, Mzumbe na kwingineko, kwa sababu vyuo vyote vinafunga karibu wakati mmoja. Ofisa akiona "mwanafunzi wa mwaka wa pili" na "Julai" kwenye barua moja, anajua ni ombi la fildi, tena ya bila malipo, na analiweka kwenye foleni hiyo. Hata kama uliandika unatafuta kazi, hakufika huko. Ukituma tena, sentensi ya kwanza iseme unatafuta kazi ya malipo, kuanzia tarehe fulani hadi fulani, na unaweza kufanya nini. Lakini kwa kweli, usitegemee barua pepe. Kampuni kubwa hapa Dar ni nadra kutangaza nafasi ya wiki tatu kwa mwanafunzi. Kazi ya likizo inatoka kwa mtu ambaye msimu umemkuta mikono haimtoshi, na mtu huyo hana muda wa kutangaza. Anamchukua aliyesimama mbele yake, au aliyetajwa na mtu anayemwamini. Kwa hiyo jiulize ni nani Dar anazidiwa na kazi kati ya Juni na Oktoba, kisha umfikie kabla hajazidiwa.

Wa kwanza ni washiriki wa Sabasaba, na ratiba yako inaoana nao vizuri ajabu. Maonesho ya Biashara ya Kimataifa, yanayosimamiwa na TanTrade, hufanyika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, kwa kawaida kuanzia tarehe 28 Juni hadi 13 Julai. Umemaliza mitihani, fildi haijaanza. Kila banda linahitaji watu wa kuuza, kueleza bidhaa, kupokea wageni, kuandika oda na kulinda stoo. Wafanyabiashara wanaotoka nje ya nchi wanahitaji pia mtu wa kuwakalimania wateja wa Kiswahili, na mwanafunzi wa biashara anayejieleza vizuri kwa Kiingereza ana nafasi pale. Kosa la wanafunzi wengi ni kwenda viwanjani tarehe 30 Juni kuuliza kazi, wakati kila banda limeshapanga watu wake. Wewe anza mwezi huu wa Mei. Orodhesha kampuni ambazo uliona mabanda yao miaka iliyopita: za vyakula, samani, vipodozi, mitambo midogo, benki, vyuo. Nenda ofisini kwao, uliza nani anasimamia banda la mwaka huu (mara nyingi ni mtu wa masoko, si wa rasilimali watu), na umwambie tarehe zako. Kisha rudi viwanjani siku tatu nne kabla ya kufunguliwa, wakati wanapiga misumari na kupanga bidhaa. Hapo kuna mshiriki ambaye binamu yake aliyemwahidi hakutokea, au mgeni aliyefika juzi na hajui mtu. Siku hizo nimeona watu wengi wakichukuliwa palepale.

Ukikubaliana na mtu wa banda, uliza mambo mawili kabla ya hela: saa za kufunga na usafiri wa kurudi. Sabasaba watu huondoka usiku, na kutoka Barabara ya Kilwa kupitia Temeke na Buguruni hadi Tabata saa nne usiku si jambo la kubahatisha. Kama banda lina gari la kuwashusha wafanyakazi, hiyo ni sehemu ya malipo yako. Na jua kuwa tarehe 7 Julai ni sikukuu ya taifa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu hulipwa mara mbili ya mshahara wake wa kawaida kwa kila saa. Siku hiyo ndiyo viwanja hufurika kuliko siku zote, kwa hiyo yataje malipo hayo mapema, kwa upole, wakati wa makubaliano. Ukisubiri hadi jioni ya siku yenyewe utaonekana mgomvi.

Kisha inakuja fildi, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Fildi ina alama, ina logibuku, ina mhadhiri atakayekuja kukukagua siku ambayo hukumtarajia. Usitafute kazi ya mchana itakayogombana nayo. Kuna ofisi zinazowapa wanafunzi wa fildi posho ya nauli na chakula na nyingine haziwapi, kwa hiyo uliza wakati wa kuomba nafasi, si aibu. Kama ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo, fuatilia pia kama umepangiwa fedha za mafunzo kwa vitendo. Kwa wiki hizo nane, kazi ya malipo iwe ya jioni na wikiendi, na mbili ndizo ninazozipenda kwa mtu kama wewe.

Moja ni tuisheni. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na wa kidato cha nne Novemba, kwa hiyo Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo wazazi huanza kuhangaika. Chagua masomo mawili tu uliyofaulu vizuri. Hisabati na uhasibu vina wateja kuliko unavyodhani, kwa kuwa walimu wake ni wachache. Mwombe shangazi akutaje kwa majirani, kanisani au msikitini, na kwenye kikoba chake. Neno la shangazi kwa mama mwenzake lina uzito ambao tangazo la kubandika nguzoni halina. Fundisha sebuleni mzazi akiwepo, onyesha matokeo yako ya kidato cha nne na cha sita, na uombe nusu ya malipo ya mwezi mwanzoni. Na usiishie Agosti. Waliomaliza la saba wakishafanya mtihani, wazazi wengi huwatafutia masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza, hasa Kiingereza na hisabati. Kuanzia katikati ya Septemba wewe umemaliza fildi na watoto wako nyumbani mchana kutwa. Ukikusanya watoto watano au sita wa mtaa mmoja, Tabata hapohapo bila nauli, kuna pesa pale kuliko kazi nyingi za ofisini za mwanafunzi.

Ya pili ni kunakili mahojiano. Watafiti hurekodi mazungumzo kwa Kiswahili na wanahitaji mtu wa kuyasikiliza na kuyaandika neno kwa neno, wakati mwingine na kuyatafsiri. Hulipwa kwa saa ya sauti au kwa faili. Usidanganyike na neno saa: saa moja ya rekodi inaweza kukumaliza saa nne hadi sita za kuandika, zaidi kama kuna kelele za mtaa au watu wanaongea kwa pamoja. Omba usikilize dakika tano kabla ya kukubali bei. Na mambo utakayoyasikia humo ni siri za watu, hayatoki.

Hapo tumegusa utafiti, na huu ndio mlango ambao naona wanafunzi wa Dar wanaupita bila kuutazama. Masika ikishakwisha, barabara za vijijini hupitika, na kuanzia Juni hadi Oktoba tafiti za kaya, afya, kilimo na biashara huingia uwandani. Taasisi za utafiti kama REPOA, ESRF na Ifakara zina ofisi hapa Dar, na wahadhiri wako wenyewe nao hufanya tafiti zao likizo kwa sababu hawana vipindi. Wanahitaji wadadisi, yaani watu wa kwenda na madodoso nyumba kwa nyumba, na watu wa kuingiza na kusafisha data. Utakachoulizwa ni kama umewahi kutumia kishikwambi kukusanya data. Ukisema hapana, umeondoka. Lakini KoboToolbox, programu ya kukusanyia data, unaweza kujifunza bure kwa simu yako ndani ya wikiendi moja: tengeneza dodoso la maswali kumi kuhusu mama ntilie wa mtaani kwenu, wahoji watano kwa ridhaa yao, pakua data, ipange kwenye Excel. Sasa una kitu cha kuonyesha. Nenda kwa mhadhiri ambaye somo lake ulifanya vizuri, ofisini kwake, si kwa ujumbe wa WhatsApp wa usiku, umwambie: "Mwalimu, kuanzia katikati ya Septemba nitakuwa huru, nimejifunza Kobo, hii hapa kazi yangu, ukihitaji mdadisi au mtu wa data naomba unikumbuke." Asipokuwa na mradi yeye, anamjua mwenzake mwenye nao.

Kabla hujakubali udadisi, uliza kama siku za mafunzo zinalipwa, maana huwa kuna siku kadhaa za mafunzo na jaribio mwishoni, na wasiofaulu hawaendi uwandani. Uliza pia kama malipo ni kwa siku au kwa dodoso lililokubaliwa. Kwa dodoso, kaya usiyoikuta nyumbani ni hasara yako. Na kama mnatoka nje ya Dar, uliza malazi na nauli ni ya nani. Halafu usijaze dodoso chini ya mwembe bila kumhoji mtu. Msimamizi anaona muda wa kila dodoso na mahali lilipojazwa, na jina likishaharibika kwa watafiti wa mji huu limeharibika kwa wote, wanafahamiana.

Kwingine nitapita haraka. Kariakoo kuna kazi kwa mtu anayeweza kuhesabu mzigo, kutunza leja, kutoa risiti ya mashine ya kodi, EFD, bila kukosea na kupiga picha bidhaa ziende mtandaoni, lakini tajiri wa Kariakoo hamkabidhi mtu asiyemjua droo ya pesa. Huko unaingia kwa kuletwa. Kuhudumia kwenye sherehe kumbini ni kazi nzuri ya Jumamosi, malipo ni usiku huohuo; nenda kwa wapishi wa sherehe, si kwa mwenye ukumbi, na wanaogusa chakula wanatakiwa wawe wamepima afya. Kibanda cha uwakala wa pesa za simu sikushauri kwa mtu wa likizo: shoti (upungufu wa pesa) ikitokea, inakatwa kwako, na siku moja ya kuchanganya namba inaweza kumeza mshahara wa wiki. Kusajili laini na promosheni za barabarani hulipwa zaidi kwa kamisheni. Kama huna moyo wa kuongea na watu mia wanaokataa, utachoka siku ya tatu.

Kila ukitajiwa kiasi, piga hesabu ya kinachobaki mkononi. Tuseme umepewa kazi Masaki kwa shilingi elfu kumi kwa siku. Kutoka Tabata ni gari mbili kwenda na mbili kurudi, na chakula cha mchana maeneo hayo si cha bei ya Tabata. Ikiondoka elfu tano, unafanya kazi siku nzima kwa elfu tano, na umetumia saa tatu kwenye foleni. Kazi ya elfu saba Buguruni au Tabata Relini, unayokwenda kwa gari moja au kwa miguu, inaishinda hiyo. Sisemi ukatae Masaki, maana kuna kazi unayoichukua kwa sababu ya utakachojifunza. Ila ujue umeichukua kwa sababu hiyo.

Kuhusu haki, watu wengi wanakwambia kibarua hana mkataba. Si kweli. Sheria hiyo ya 2004 inamtaka mwajiri unayemfanyia kazi angalau siku sita kwa mwezi akupe maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, wapi, kuanzia lini, saa ngapi, malipo kiasi gani. Ukurasa mmoja unatosha. Kama mwenye kazi hapendi karatasi, basi ukishatoka kwake mwandikie ujumbe: "Asante boss, nimeelewa naanza Jumatatu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, malipo ni kiasi fulani kwa siku, kila Jumamosi." Akijibu "sawa", una kumbukumbu. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, za ziada hulipwa mara moja na nusu, na za kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5. Serikali pia hupanga kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta, na amri hiyo inataja hadi kiwango cha saa na cha siku, kwa hiyo huwezi kuambiwa kwamba kima cha chini ni cha walioajiriwa kwa mwezi tu.

Lakini kuna jambo moja ambalo halikupendelei. Kinga ya kutoachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja, na wewe hutafika miezi 6. Maana yake ni kwamba anaweza kukuambia usirudi kesho, na kilichobaki cha kudai ni jasho lako na notisi tu. Ndiyo maana nasisitiza malipo ya kila wiki badala ya mwisho wa mwezi: hata mkiachana vibaya, hasara yako ni ya siku chache. Akikudhulumu kabisa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inapokea madai ya mishahara ndani ya siku 60, na anayepinga kuachishwa ana siku 30. Usikae nayo moyoni hadi chuo kifunguliwe, maana muda utakuwa umekwisha.

Wiki hii kusanya karatasi. Namba ya NIDA, kitambulisho cha chuo, barua ya utambulisho kutoka chuoni, barua ya serikali ya mtaa wa Tabata, na wadhamini wawili ambao umewaomba mapema na wanajua watapigiwa simu. Shangazi anaweza kuwa mmoja. TIN, yaani namba ya mlipakodi, nayo chukua, TRA wanaitoa bure, na miradi mingi ya utafiti haikulipi bila hiyo. Nakala zote zikae kwenye simu na kwenye bahasha, kwa sababu anayekwambia "naweza kuanza na wewe kesho" hatakusubiri upange foleni kwa mwenyekiti wa mtaa.

Na Singida? Sipuuzi wazo hilo. Juni na Julai alizeti zinavunwa na viwanda vya kukamua vinanunua, kwa hiyo vinahitaji watu wa mizani, stakabadhi na stoo, na mwanafunzi wa biashara anaweza kufanya fildi humohumo akiwa anakula nyumbani. Mwanzoni mwa Agosti kuna Nanenane ya Kanda ya Kati, viwanja vya Nzuguni, Dodoma, nako kuna mabanda. Kwa hali yako mimi ningebaki Dar kwa ajili ya Sabasaba na wale watoto wa Septemba, lakini fildi hujaipata bado, basi chukua barua ya chuo sasa, omba nafasi mbili Dar na moja kiwandani Singida. Ikifika wiki ya kwanza ya Juni hakuna mtu wa banda aliyekukubali na Singida wamekujibu, kata tiketi kabla mitihani haijaisha. Mabasi ya wiki hiyo hujaa wanafunzi.